Umar bin Abdul-Aziz: Khalifa aliyewakumbuka wagonjwa wa gerezani

Jina la Umar bin Abdul-Aziz si geni kwa wasomaji wetu. Mawaidha ya Ijumaa, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, hayakosi kumtaja pale inapozungumzwa habari ya uadilifu wa viongozi. Wengi tumekua tukisimuliwa kisa cha taa yake: kwamba alikuwa akizima taa iliyowashwa kwa mafuta ya serikali pindi mazungumzo yalipogeuka kuwa ya nyumbani kwake. Kisa hicho ni kizuri na viongozi wetu wangefaidika nacho. Lakini katika maisha ya mtu huyu kuna jambo jingine ambalo husemwa kwa nadra, nalo ni habari ya wafungwa, na hasa wafungwa wagonjwa.

Tumeona tulikumbushe jambo hilo kwa sababu nchi aliyokulia na kuitawala kama gavana, yaani Hijazi, leo ni sehemu ya Ufalme wa Saudi Arabia, na magereza ya Riyadh na Jeddah yamekuwa yakitajwa mara kwa mara katika ripoti za watetezi wa haki za binadamu. Waliomo ndani ni watu wa kila aina: wanazuoni, waandishi, vibarua kutoka Ethiopia, na pia wanawake waliobadili jinsia, yaani watu waliozaliwa wakahesabiwa wanaume lakini wakaishi kama wanawake. Hao wa mwisho ndio wasio na mtu wa kuwasemea.

Umar alizaliwa karibu na mwaka 680, katika ukoo wa Bani Umayya uliokuwa ukitawala kutoka Damascus. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa mjukuu wa Khalifa Umar bin Khattab, na ndiyo maana kijana akapewa jina hilo. Akiwa mdogo alipigwa teke na mnyama usoni, akabaki na kovu kwenye paji la uso ambalo watu walimtambua nalo hadi kufa kwake.

Baba yake alimpeleka Madina kusoma, chini ya uangalizi wa mwalimu Salih bin Kaysan. Kijana huyu alipenda kujipamba. Inasimuliwa kwamba siku moja alichelewa sala kwa sababu mtumishi alikuwa bado anamchana nywele. Mwalimu akaandika barua Misri, na baba akamtuma mtu kuja kumnyoa kichwa kizima kabla hata ya kusema naye neno. Hata hivyo Umar aliendelea kuwa mtu wa manukato na nguo za bei kwa miaka mingi baadaye. Akamuoa Fatima, binti wa Khalifa Abdul-Malik, ami yake.

Mwaka 706 khalifa mpya, al-Walid, ambaye alikuwa shemeji yake, alimteua kuwa gavana wa Madina, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Alianza vizuri. Aliwaita wanazuoni kumi wa mji, miongoni mwao Urwa bin Zubayr, Qasim bin Muhammad na Salim bin Abdullah, akawaomba wawe washauri wake na wamwambie wakisikia afisa wake yeyote anadhulumu. Alisimamia pia ujenzi mpya wa Msikiti wa Mtume. Watu waliokuwa wakikimbia ukatili wa Hajjaj bin Yusuf huko Iraq walipata hifadhi kwake. Kwa lugha ya leo tungesema aliwapokea wakimbizi wa kisiasa.

Kisha likatokea lililomtia doa. Huko Madina aliishi Khubayb, mtoto wa Abdullah bin Zubayr, yule aliyeshika Makka dhidi ya Bani Umayya mpaka akauawa mwaka 692. Khubayb alisimulia hadithi iliyokuwa na maneno mabaya juu ya ukoo unaotawala. Habari zikafika Damascus. Al-Walid akamwandikia Umar amri ya kumchapa viboko na kumfunga.

Umar alitii. Vitabu vinatofautiana juu ya idadi ya viboko, vingine vikisema hamsini, vingine mia moja, lakini vinakubaliana kwamba baada ya viboko mfungwa alimwagiwa maji baridi mwilini siku ya majira ya baridi. Khubayb akaugua kutokana na adhabu hiyo, akafa. Makosa yake yalikuwa maneno.

Wanahistoria wa zamani, akiwemo Tabari, hawakulificha tukio hili, na sisi hatuoni sababu ya kulificha. Mtu ambaye ulimwengu wa Kiislamu unamhesabu miongoni mwa watawala wake bora alifiwa na mfungwa mikononi mwake. Tofauti yake na watawala wengi ni kwamba hakutafuta kisingizio. Hakusema kwamba marehemu alikuwa na maradhi yake ya zamani, wala hakumsukumia lawama askari aliyeshika ndoo. Inasimuliwa kwamba habari ya kifo ilipomfikia alianguka chini kwa majonzi, na kwamba miaka mingi baadaye, watu walipomsifu na kumbashiria pepo, alikuwa akiwauliza atafanya nini na Khubayb.

Mwaka 712 al-Walid alimwondoa Madina kwa shinikizo la Hajjaj, ambaye alikuwa akilalamika kwamba wapinzani wake wanajificha Hijazi. Umar akarudi Sham, akakaa karibu na watawala lakini bila ya cheo kikubwa.

Katika miaka hiyo ya kati ndipo Madina ilipopatwa na mkasa mwingine ambao msomaji wa leo hana budi kuujua. Mji huo ulikuwa na kundi la watu walioitwa mukhannathun kwa Kiarabu. Walikuwa wanaume kwa maumbile yaliyoonekana, lakini walijipaka hina, walivaa na kutembea kama wanawake, na wengi walikuwa waimbaji mashuhuri. Tuways, anayetajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa uimbaji wa Kiarabu katika mji huo, alikuwa mmoja wao. Neno la Kiswahili hanithi linatokana na shina hilo hilo la Kiarabu, kama lilivyo neno huntha, ambalo ni la mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba tunazungumzia jambo lililoletwa jana kwa ndege kutoka Ulaya.

Wakati wa Khalifa Sulayman, aliyetawala kuanzia 715 hadi 717, baadhi ya watu hao walikamatwa Madina na kuhasiwa kwa amri ya serikali. Gavana anayetajwa zaidi katika masimulizi hayo ni Abu Bakr bin Muhammad bin Hazm, na miongoni mwa waliofanyiwa hivyo ni mwimbaji al-Dalal. Kitabu cha Nyimbo cha Abul-Faraj al-Isfahani kina kisa kwamba amri ilikuwa ya kuwahesabu tu, lakini nukta moja ya wino ilidondoka juu ya herufi, na neno la kuhesabu likasomeka kuhasi. Watafiti wengi wanaona ni hekaya iliyotungwa ili kuficha amri halisi. Iwe hekaya au kweli, inaeleza hali ya mtu asiye na mtetezi: mwili wake unaweza kukatwa kwa nukta ya wino, na hakuna atakayeuliza.

Sulayman alipokuwa akifa mwaka 717, mshauri wake Raja bin Haywa alimshawishi aandike jina la Umar kama mrithi. Umar hakuutaka ukhalifa, lakini alipoupata alibadilika. Alikataa farasi wa kifalme. Mali ambazo ukoo wake ulizinyakua akazirudisha, akianza na zake mwenyewe. Alimtaka mkewe Fatima achague baina yake na vito alivyopewa na baba yake, na Fatima akavipeleka vito hazina. Aliamuru majeshi yaliyokuwa yakiteseka mbele ya kuta za Constantinople yarudi nyumbani. Alikomesha desturi ya kumlaani Ali bin Abi Talib juu ya mimbari. Waliosilimu akawafutia kodi ya kichwa, ingawa maafisa wake walilalamika kwamba hazina itapungua.

Sasa tunafika kwenye magereza. Barua zake kwa magavana na makamanda zimehifadhiwa na Ibn Saad na pia na Kadhi Abu Yusuf. Maagizo yake, kwa ufupi, ni haya. Mfungwa asifungwe kwa minyororo inayomzuia kusimama na kusali. Asilale mtu na pingu usiku isipokuwa anayedaiwa damu. Wapewe chakula cha kuwatosha. Waliofungwa kwa madeni wasichanganywe na wahalifu. Wanawake wawe na gereza lao. Walinzi wawe watu wanaoaminika, wasiokula rushwa. Na mgonjwa aliyemo gerezani, ambaye hana ndugu wala mali, aangaliwe.

Agizo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Gereza la zama zile lilitegemea jamaa. Mwenye ndugu aliletewa mkate na dawa, asiye na ndugu alikufa. Abu Yusuf, aliyemwandikia Khalifa Harun al-Rashid miongo kadhaa baadaye, anaeleza jinsi wafungwa walivyokuwa wakitolewa nje na minyororo yao ili waombe sadaka barabarani. Yeye alipendekeza kila mfungwa apewe dirham kumi kwa mwezi, na nguo za kiangazi na za baridi, na akaitegemeza hoja yake kwenye barua za Umar. Umar alikuwa amelitambua jambo rahisi: serikali ikishamfungia mtu mlango, imemnyima uwezo wa kwenda kwa tabibu mwenyewe, kwa hiyo deni la tabibu limehamia kwa serikali. Yule aliyetajwa kwanza katika deni hilo ni yule ambaye hakuna mtu atakayemjia.

Fikra hiyo haikufa naye. Mwanzoni mwa karne ya 10 huko Baghdad, Waziri Ali bin Isa alimwandikia mkuu wa matabibu, Sinan bin Thabit, amri kwamba matabibu waingie magerezani kila siku, wakiwa na dawa na vinywaji vya wagonjwa, kwa kuwa msongamano na ugumu wa makazi huwaletea wafungwa maradhi. Huenda ni miongoni mwa huduma za mwanzo za afya ya magereza zilizoandikwa duniani.

Hatudai kwamba Umar alikuwa malaika. Abu Bakr bin Hazm, yule yule anayetajwa katika mkasa wa kuhasiwa, alibakishwa naye kuwa gavana wa Madina. Mshairi al-Ahwas, aliyekuwa amehamishiwa visiwa vya Dahlak, mbele ya pwani ya Eritrea ya leo, aliachwa huko huko muda wote wa utawala wake. Wala hatuna barua yake inayowataja mukhannathun kwa wema. Tunachosema ni kwamba agizo lake juu ya mgonjwa lilikuwa na sharti moja, nalo ni kukosa ndugu na mali. Halikuuliza mfungwa ameingia kwa kosa gani, wala anatembea vipi.

Alitawala miaka miwili na nusu tu. Aliugua mapema mwaka 720 akiwa Dayr Siman, kaskazini mwa Sham, na masimulizi mengi yanasema alitiwa sumu na mtumishi aliyehongwa. Inasimuliwa kwamba alimwita mtumishi huyo, akachukua fedha za hongo, akaziingiza katika hazina, kisha akamwambia aondoke asije akaonekana. Hivyo kitendo chake cha mwisho kinachokumbukwa ni kumwepusha na gereza mtu aliyemuua. Alikuwa na umri wa miaka kama arobaini.

Kutoka Dayr Siman mpaka gereza la al-Hair, kusini mwa Riyadh, ni safari ya miaka 1,300. Saudi Arabia inayo sheria ya magereza ya mwaka 1978 ambayo inataja matibabu ya wafungwa, na mwaka 1997 ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso. Kwenye karatasi, basi, agizo la Umar lipo. Lakini Aprili 2020 Abdullah al-Hamid, mwanazuoni mwenye umri wa miaka 69 na mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya haki za kiraia, alifariki akiwa mfungwa wa al-Hair. Alikuwa akitumikia kifungo cha miaka 11 tangu 2013. Mashirika ya haki za binadamu yalisema madaktari walikuwa wameshamwambia anahitaji kupasuliwa moyo, na upasuaji ukacheleweshwa mpaka akapata kiharusi. Kosa lake, kama la Khubayb, lilikuwa maneno.

Ikiwa hali ya mtu mwenye jina ilikuwa hiyo, ya asiye na jina itakuwaje? Mwishoni mwa Februari 2017 polisi wa Riyadh waliwakamata watu 35 wa Pakistan wanaojulikana kwao kama khwaja sira, yaani wanaume kwa kuzaliwa wanaoishi kama wanawake. Wanaharakati wa Pakistan walisema wawili kati yao walipigwa mpaka wakafa. Serikali ya Saudia ilikanusha kuwepo mateso, ikakiri kifo cha mtu mmoja wa miaka 61, na kukihusisha na maradhi ya moyo. Uchunguzi huru wa kumaliza ubishi huo haukufanyika. Hata tukilichukua neno la serikali kama lilivyo, bado swali la Umar linabaki: mtu wa miaka 61 mwenye moyo mgonjwa, mgeni asiye na ndugu mjini, alipata tabibu saa ngapi?

Madaktari wanaeleza kwamba mwanamke aliyebadili jinsia akiingia gerezani huwa na mahitaji mawili makubwa. La kwanza ni usalama, kwa sababu akiwekwa kwenye ukumbi wa wanaume huwa katika hatari ya kubakwa, na kubakwa huleta majeraha na virusi vya Ukimwi. La pili ni dawa za homoni. Aliyeondolewa korodani kwa upasuaji, kisha akanyimwa dawa hizo, hubaki na mwili usio na homoni ya kutosha ya upande wowote. Mifupa hudhoofika, joto humpanda na kushuka, na huzuni huweza kumfikisha pabaya. Hilo si suala la anasa wala urembo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa 2015, zinataka mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kinachopatikana nje, bure na bila ya ubaguzi, na matibabu aliyokuwa akiyatumia yaendelee.

Tunajua jibu litakalotolewa. Litasemwa kwamba Baraza la Fikhi la Makka lilishaamua mwaka 1989: huntha aruhusiwe kusahihishwa maumbile, na mwenye maumbile kamili akatazwe kuyabadili. Ni kweli, na hospitali ya Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz mjini Jeddah imekuwa ikifanya upasuaji huo wa kusahihisha kwa miaka mingi. Wanazuoni wana haki ya kujadili mpaka huo, na wameujadili tangu enzi za Imamu Nawawi katika karne ya 13, ambaye alitofautisha kati ya aliyeumbwa hivyo, asiye na lawama, na anayejifanya. Lakini mjadala wa halali na haramu ya upasuaji haumhusu mtu aliyekwisha kufungwa akiwa mgonjwa. Mwizi hutibiwa bila ya wizi kuhalalishwa. Muuaji hushonwa jeraha lake kabla ya kupandishwa mahakamani. Kumtibu mfungwa hakujawahi kuwa fatwa juu ya maisha yake.

Nasi wa Afrika Mashariki tusinyooshee kidole Riyadh na Jeddah peke yake. Ni ndugu zetu wanaorundikwa katika kituo cha Shumaisi, kati ya Jeddah na Makka, wakisubiri kurudishwa makwao, na balozi nyingi za nchi zetu hazijawa wepesi wa kuwafuata. Nyumbani pia kuna hesabu ya kutoa. Huko Eldoret, nchini Kenya, mwanamke aliyebadili jinsia alikamatwa mwaka 2019 na kufanyiwa upekuzi na vipimo vya mwili vya kumdhalilisha akiwa kizuizini. Ilibidi angoje hadi 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba haki zake zilivunjwa na kumpa fidia.

Watawala wa leo wanapenda kufananishwa na Umar bin Abdul-Aziz. Washairi wa ikulu huwafananisha naye kila sikukuu. Sisi tunaona kipimo chake kipo karibu na ni rahisi kukitumia. Usiwaulize wanakwenda msikitini na gari gani, wala wanazima taa ngapi. Waulize ufunguo wa wadi ya wagonjwa wa gereza, na ni nani aliyelala humo ambaye hakuna jamaa aliyekuja kumuulizia. Umar alijifunza swali hilo kwa gharama ya maisha ya Khubayb, na watawala wetu wanaweza kujifunza bila ya kulipa gharama hiyo tena.